Kopo la Bluu na Pangaboi la Mwalimu

Injinia hakuwahi kukanyaga darasa lolote la uinjinia. Jina alijipa mwenyewe, na kwa kuwa alilibeba vizuri, watu wakamwachia. Siku moja alipita gatini akamkuta mwalimu mstaafu wa sayansi, mwenyekiti wa chama cha wenye boti, ameinama nyuma ya boti yake ya tanga iliyopandishwa nchi kavu. Pangaboi la injini, lenye mabawa matatu, pamoja na shafti inayolizungusha, lilikuwa limeota majani na makome magumu hadi chuma hakionekani.

"Shikamoo mama. Mbona unateseka bure?"

"Marahaba mwanangu. Kwani una dawa?"

Boti za chama zilikuwa arobaini. Akimpata huyu, amezipata zote, na ataacha kulala kwenye kochi la shemeji yake, mlinzi wa gati.

Kesho yake alileta kopo, kifuniko kimezungushiwa utepe. Ndani mlikuwa na mafuta ya kupikia, bluu ya kufulia na maneno mengi. "Ukipaka hii, mama, kome akisogea anaomba radhi na kuondoka."

"Vizuri. Nikishayasafisha, nitapaka bawa moja, mawili nitayaacha, boti irudi majini. Baada ya miezi mitatu tutaona tofauti. Lipi nimepaka, sikwambii."

Mwenye akili timamu angeaga. Injinia, ambaye akili zake zilikuwa nyingi kupita kiasi, aliona mwanya. Kila Alhamisi mchana, watu walipokwenda kula, alivua shati, akapiga mbizi na kijiko cha shemeji, akakwangua. Kwa kuwa hakujua bawa lipi limepakwa, alikwangua yote matatu. Na shafti pia, asije akaumbuka. Alikunywa maji ya chumvi, akachubuka vidole, mafua yakamganda. Maskini, hakuwahi kuhangaikia kazi ya halali namna ile.

Siku ikafika, boti ikapandishwa mbele ya wanachama. Pangaboi lilikuwa linang'aa.

"Mnaona dawa?" Injinia alitanua kifua.

"Naona mabawa matatu safi," alisema mwalimu. "Ingekuwa dawa, lingekuwa safi moja."

Injinia akasogea mbele. "Ina nguvu, mama. Inasambaa."

Mwalimu akatoa kopo mkobani. Utepe wa kifuniko ulikuwa vilevile. "Inasambaa kutoka humu? Hata sijalifungua."

Watu wakaangua kicheko. Injinia alitafuta pa kupitia, lakini gati lina njia moja, nayo ilijaa wenye boti.

"Kila Alhamisi nilikuwa ndani ya boti nakunywa chai ya mlinzi," alisema mwalimu, "nasikia krr, krr chini ya miguu. Nikasema, kijana anajituma, nisimkatize." Akamkabidhi kikwangulio kipya. "Dawa ya makome ni kukwanguliwa kila wiki, na wewe umeshazoea. Zimebaki boti thelathini na tisa. Ujira upo."

Injinia alikipokea kwa mikono miwili, kwa aibu. Hapo shemeji yake akajipenyeza katikati ya watu, kiganja wazi.

"Kijiko changu," alisema. "Miezi mitatu namkorogea mwalimu chai kwa bisibisi."