Pumzi Nilizoziacha Bendini

Jamani, leo nimeumbuka, na nimechoka hata nguvu za kuona haya sina.

Mnanijua, mwana wa mpiga zumari wa Kisauni niliyechukuliwa bendi ya askari. Miaka minne nimefunzwa obo, zumari ya Kizungu. (Nyembamba, na ina maringo.) Kila nilipopuliza bila kukata pumzi, kama alivyonifunza baba, mwalimu alinigonga vidole. "Karatasi inasema hapa pumua. Pumua!" Basi nikajifunza kupumua karatasi inapotaka.

Jana nimefika likizo, mgongo hoi kwa treni. Leo baba, ambaye kifua kimemwisha, akanikabidhi zumari yake. "Kuna arusi Mishomoroni. Ukiipiga sawasawa, ni yako. Ukishindwa, nampa Mbwana wa jirani."

Mbwana! Mtu ambaye hata mluzi humshinda!

Nikaenda na sare ya bendi. (Vifungo nilivisugua mwenyewe.) Wazee wawili wakaingia uwanjani kucheza kirumbizi, bakora juu. Ngoma ikalia, nikapuliza. Vigelegele! Nikafika mahali pa kuvuta pumzi. Nikavuta.

Kimya. Hata ngoma ilinyamaza. Wazee wakabaki na bakora hewani.

"Imekwisha?" akauliza mmoja.

"Bado, mzee wangu. Nilikuwa napumua."

"Ala! Zumari nayo hupumua?"

Nikaanza tena. Nikapumua tena. Mara ya tatu bibi mmoja akasema, "Mpeni uji, maskini. Jeshi limemmaliza."

Baba, aliyekuja kunisikiliza, akainuka. "Leteni kopo la maji. Na kikonyo cha jani la mpapai."

Nikajua yamenifika. Ndivyo tunavyofunzwa tukiwa na miaka sita: unapuliza maji kwa kikonyo, na povu lisikatike hata unapovuta pumzi kwa pua.

"Keti, mwanangu. Puliza."

Nikaketi mkekani na vifungo vyangu vinavyong'aa. Bwana arusi mwenyewe akaja kuchungulia kopo. Povu likapanda, likapanda... likakatika. Maji yakaniingia puani, nikampigia bwana arusi chafya ya uso. Wallahi, watu walicheka hadi wakashikana!

Baba hakucheka. "Pumzi zako umeziata wapi?" akaniuliza polepole. Hapo ndipo nilipoumia.

Arusi ikamalizwa kwa ngoma tupu. Zumari aliichukua, lakini hakumpa Mbwana. Ameitundika ukutani, juu ya kitanda changu.

"Likizo yako siku ngapi?"

"Kumi na nne, baba."

"Basi kopo lako hili hapa."

Kwa hiyo mkipita kwetu alfajiri mkasikia maji yanatokota, msibishe hodi mkitaraji chai. Ni mimi.