Taa Nyeupe za Mwenyekiti

Jumatatu, 8 Januari. Tromsø, kaskazini mwa Norwe.
Jua halijaonekana tangu Novemba, na Bergljot wa ghorofa ya tatu anataka kiti changu! Mkutano wa jengo letu ni Jumamosi. Nimekuwa mwenyekiti miaka tisa, na kila Januari hoja zangu hupita bila kupingwa. Majirani hunisikiliza wamefumba macho, kwa heshima. Sasa mama huyu anapita mlango kwa mlango na mishumaa na maandazi ya mdalasini. Ananichokoza.

Jumanne, 9 Januari.
Dawa yake nimeipata! Gazeti la kliniki ya meno linasema mwanga mweupe mkali huamsha mwili na kuchangamsha moyo. Jicho la mzee hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo wazee wanauhitaji zaidi. Na wapiga kura wangu wengi ni wazee! Nitafunga taa ngazini, ukumbini na chumba cha kufulia. Mke wangu Ragnhild akauliza gazeti limesema nini kuhusu watoto. Sikufika huko, niliitwa ndani kung'olewa jino.

Jumatano, 10 Januari.
Taa kumi na mbili! Mama Hjørdis, miaka themanini na nne, tangu Novemba alikuwa akijikokota kufuata barua. Leo kapanda ngazi anapiga mluzi. Kaniambia anajisikia kama msichana, kisha akaomba kumbukumbu za mikutano yote tisa, apate cha kusoma. Nimempa. Kura hiyo ninayo mkononi.

Alhamisi, 11 Januari.
Karatasi ubaoni, bila jina, kama kawaida yetu: kuna watu watoto wao hawalali tena. Aliyeandika ni jirani yetu Jørn tu. Mapacha wake hucheza chumba cha kufulia hadi saa ya kulala. Nimekutana naye kwenye masanduku ya barua, macho mekundu. Alitazama viatu vyake tu. Bergljot yeye alisema: nizipeleke taa zangu uwanja wa ndege, zisaidie ndege kutua. Wivu huo! Kichwa kinanigonga, lakini ndiyo uongozi.

Jumamosi, 13 Januari.
Mkutano. Nikawasha zote. Watu ishirini, na macho wazi! Sikujua kwamba Mzee Asbjørn ana macho ya buluu. Nikaanza kusoma hoja. Mama Hjørdis akainua mkono, akauliza kwa nini zamu ya kuondoa theluji haijanifikia miaka tisa. Mwingine akauliza ni lini walikubali sauna, chumba chetu cha mvuke, iwe yangu peke yangu kila Ijumaa. Nikawajibu walikubali wote, imeandikwa. Asbjørn akapaza sauti: "Oddvar bwana, tulikuwa tumelala!" Wakacheka hadi machozi. Bergljot kura kumi na nane. Mimi moja, yangu mwenyewe. Ragnhild aliinua mkono kumpigia kura Bergljot huku akinitazama usoni. Imeniuma, sitaficha.

Jumapili, 14 Januari.
Nimetafakari, na kosa nimeliona. Jørn alikaa nyuma, kichwa juu ya meza, akakoroma mkutano mzima. Hakupiga kura. Mwanga haukumfikia, maskini! Angekuwa macho, ningepata mbili. Ragnhild anasema niache. Hajui siasa. Mwakani nafunga taa ishirini na nne, na nne kati ya hizo juu ya kiti cha Jørn.