Tangazo la Kiwanja Namba Saba

Jumatatu, 3 Juni
Halmashauri imebandika tangazo sokoni. "Marekebisho ya matumizi ya Kiwanja Namba Saba." Maana yake wanafunga soko letu la asubuhi, wajenge maegesho ya magari! Mapingamizi mwisho Ijumaa, saa kumi na moja. Wameandika hivyo makusudi tusielewe. Miaka thelathini na moja nimefundisha uraia hapa Batu Kelip. Nitawaelewesha watu mimi. Halafu watanichagua mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Hilo la pili ni siri.

Jumanne, 4 Juni
Nimegawa maelezo yangu. Kurasa kumi na nne. Nimeanza na Sultani, nikashuka taratibu: bunge la jimbo, mamlaka ya ardhi, tanbihi. Soko linatokea ukurasa wa kumi na tatu. Hanapi muuza samaki kasema, "Mwalimu, hii hata wewe ukiisoma utasinzia." Mshenzi! Nilimfundisha mimi huyo.

Jumatano, 5 Juni
Aibu! Nimenunua wali wa nazi kwa Rohayu. Umefungwa kwa ukurasa wangu wa tisa. Mamlaka yote ya ardhi imelowa pilipili. Nimemfokea mbele ya wateja. Kasema karatasi zangu nzito, hazivujishi, nimletee nyingine. Na nje ya kila kifurushi kaandika kwa kalamu nyekundu: WANAFUNGA SOKO. KAPINGE HALMASHAURI, DIRISHA LA TATU, KABLA YA IJUMAA JIONI. Basi! Hata kifungu kimoja cha sheria hakuna. Na watu wanasoma huku wanatafuna.

Alhamisi, 6 Juni
Dirisha la tatu! Anajua nini yule? Ardhi ni ya jimbo, kwa hiyo mapingamizi yaende bunge la jimbo, huko Ipoh, makao makuu. Nimetangaza kwamba Rohayu anapotosha watu. Nimekodi basi. Thelathini na wawili wamejiandikisha.

Ijumaa, 7 Juni
Safari ya saa mbili. Lango la bunge limefungwa. Mlinzi, Bwana Sivanesan, kaeleza kwa upole kwamba hakuna kikao hadi Agosti, na mambo ya soko yako kwa halmashauri, huko huko kwetu. Kaniuliza kama shuleni nilisoma uraia. Basi zima likaangua kicheko! Tukaswali Ijumaa, tukageuza. Pancha. Tumefika saa kumi na mbili, fomu zetu mkononi, ofisi imefungwa. Bibi Maimun, aliyelea watoto watano kwa kuuza mboga sokoni, hakucheka. Kasema tu, "Nilikuamini, Mwalimu."


Jumatatu, 10 Juni
Mapingamizi mia nne na kumi na mawili yalipokelewa dirisha la tatu! Halmashauri imesimamisha mpango. Jumatano itawasikiliza wakazi. Kamati imemchagua Rohayu mwenyekiti. Kura zote, isipokuwa yangu. Jioni kaja kwangu. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Kumbe anataka na sisi wa basi tuongee Jumatano, maana fomu zetu zilichelewa. Bibi Maimun kakubali. Kila mtu sentensi moja, nyepesi, inayoeleweka. "Moja tu, Mwalimu, nakuomba." Nimemwahidi.

Jumanne, 11 Juni
Nimeiandika. Sentensi moja, kama alivyotaka. Imefika ukurasa wa kumi na moja na bado haijafika sokoni.