Wiki Niliyokataa Kusalimia Kwanza

Jumatatu, 2 Juni
Adabu imekufa hapa Ikonge. Leo kwenye kituo cha kupimia majani chai, vijana watatu wamenipita wakitazama simu. Mimi, Abner! Nimeamua: wiki nzima simsalimii mtu kwanza. Atakayenipita kimya, jina lake daftarini. Sabato nitasoma orodha kanisani. Mchungaji anatafuta mtu wa kuwafundisha vijana adabu, na haiwezekani awe Nyakundi, jirani yangu anayechekea hata mbuzi.

Jumanne, 3 Juni
Nyakundi kanisalimia kabla sijafungua jicho la pili. Kusudi! Mke wangu Phanice akauliza mbona sijamwamkia. Nikamwambia na yeye yumo kwenye uchunguzi. Chai nimejipikia. Sukari sikuiona.

Jumatano, 4 Juni
Balaa. Mama Drusilla muuza mboga ametangazia soko zima kwamba nimepoteza sauti. Eti nilisimama mbele yake dakika tano nikimkodolea macho. Nilikuwa namngoja anisalimie! Yeye naye alikuwa na mteja.

Alhamisi, 5 Juni
Wageni kumi na mmoja sebuleni. Mbele yao Nyakundi, mkungu wa ndizi begani. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea. Ningefanyaje? Nikisema neno, nimeumbuka. Phanice, anayejua kila kitu, akasema kwa upole, "Mpeni na ile dawa ya mizizi." Kikombe kizima! Chungu mpaka kisogoni. Nikafoka, "Nani amewaambia mimi naumwa?"
Vigelegele. Muujiza! Mama Drusilla alilia.

Sabato, 7 Juni
Nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Nafasi ndiyo hiyo! Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti kuu: "Wasio na adabu katika kanisa hili ni Ishmael, Obwocha, Cynthia, na Abner." Jina la nne lilikuwa kwa wino mwekundu. Mwandiko wa Phanice. Kanisa zima likasema amina. Mchungaji akanishukuru kwa unyenyekevu wangu, kisha akampa Nyakundi darasa la vijana.

Jumapili, 8 Juni
Leo kila mtu ananisalimia. Wanadhani ugonjwa uligusa na masikio. "Bwakire, Abner!" wanapayuka kutoka ng'ambo ya barabara. Mbwa wakabweka. Kumpigia mtu mzima kelele hivyo ni adabu gani? Basi kuanzia kesho siitikii salamu ya mtu yeyote mpaka ashushe sauti. Tuone nani atachoka kwanza.