Nguruwe Wangu, Mbele ya Mashahidi

Jumatatu, 5 Agosti

Siku njema. Bahati imekuja na miguu minne.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kaunta. Simu ikalia. Dereva wa lori la mikate, analalamika kwamba nguruwe mweusi amesimama katikati ya kipilefti na magari yamepangana mpaka kanisani. Nikaenda mwenyewe. Nilimkamata kwa ujasiri mkubwa na maganda ya muhogo. Watu walipiga makofi. Niliuliza mara mbili ni wa nani. Hakuna aliyejibu, ingawa mara ya pili niliuliza kwa sauti ndogo.

Sajenti Urmila Maharaj, mkuu wa kituo chetu cha Delaikavika, yuko kozini mpaka Alhamisi. Ameniachia funguo, daftari la matukio, na onyo kwamba nisibuni jambo lolote. Sijabuni. Nguruwe kajileta.

Sasa mpango. Ijumaa anakuja Mrakibu, bosi wa polisi wa eneo zima. Atakagua, atakula nasi, kisha atamtaja sajenti wa pili wa kituo. Makoplo ni wawili tu: mimi, Kitione Nabulivou, na Sakiusa Rokodua. Tepe ya tatu, ya usajenti, ina nyumba ya vyumba viwili. Sisi tunaishi chumba kimoja, mimi na mke wangu Makereta, na mama mkwe anakoroma nyuma ya pazia. Makereta amesema hatanong'ona ndani ya nyumba yake mwaka mwingine. Kwa hiyo tepe hii si fahari yangu tu. Ni ndoa.

Sakiusa ataleta samaki wa kopo, namjua. Mimi nitaleta nguruwe mzima, ameokwa kwenye mawe ya moto, zawadi kutoka nyumbani kwangu. Mrakibu atauliza ni nani huyu mwenye moyo mkubwa hivi.

Nimeandika daftarini: "Mnyama mmoja, mweusi, amekutwa barabarani. Amehifadhiwa." Hakuna neno la uongo hapo. Neno nguruwe pia halipo.

Amefungwa nyuma ya nyumba, chini ya mshelisheli. Anakula kuliko mama mkwe.

Jumanne, 6 Agosti

Kazi nyingi. Mzee mmoja alikuja kushtaki kwaya ya jirani kwamba inaimba bila sauti ya nne. Nikamwambia si kosa la jinai. Akasema ingekuwa vizuri iwe. Bibi mmoja aliripoti simu yake kupotea, akiwa ameishika. Jamaa mwingine alileta taarifa kwamba shemeji yake amechukua mashine yake ya kukatia majani. Nikauliza kama nimfuate. Akashtuka. Shemeji huwezi kumnyima, akasema, alitaka tu iandikwe. Nikaandika. Akaondoka amepona.

Saa nane, balaa. Sakiusa alisikia mkoromo nyuma ya nyumba, na kwa bahati mbaya mama mkwe alikuwa macho.

Lazima nieleze kuhusu Sakiusa. Yeye ni wa Waikubu, mimi wa Nadawa, na vijiji hivyo ni watani tangu mababu, mzimu wetu ni mmoja. Mtani huchukua kitu chako bila kuomba, nawe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye unayetozwa faini, fungu zima la mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima. Mwaka jana Sakiusa alinivua saa mkononi kanisani, wakati wa sala, macho nimefumba. Nilisema amina na kucheka. Mimi nilimchukulia mwavuli wake siku ya mvua kubwa, naye akacheka huku analowa. Ndivyo tulivyo.

Basi akazunguka nyuma, akasimama na nguruwe. Alimtazama sana, hasa masikio. Akauliza ni wa nani. Pale palikuwa na Makereta, mama mkwe, na mtu wa posta. Ningesema wa kuokota, angeuliza mbona daftarini hakuna neno nguruwe, na zawadi yangu ingekufa hapo hapo. Nikatoa kifua.

"Wangu," nikasema. "Kaletwa na mjomba kutoka Nadawa."

"Wako kabisa, mtani?"

"Wangu kabisa, toka pua mpaka mkia."

Akatabasamu, akamsalimia mama mkwe, akaondoka. Makereta alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa ni heshima.

Jumatano, 7 Agosti

Nguruwe hayupo.

Kamba ipo. Kwenye mshelisheli kimebandikwa kikaratasi: "Asante, mtani. S.R."

Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Nilitaka kupiga kelele zisikike mpaka bandarini. Mama mkwe akanikumbusha kutoka dirishani kwamba anayekasirika hulipa. Nikacheka. Nilicheka hadi majirani wakatoka kuona kama nimeumwa na nge.

Mpango wa kwanza: kufungua kesi ya wizi. Nikachukua daftari. Kilichoibwa nini? Mnyama mmoja, mweusi. Cha nani? Changu. Kachukua nani? Mtani wangu. Nikafunga daftari.

Mpango wa pili: nikampitia Sakiusa kwenye zamu yake ya barabarani, nikamwambia kwa huruma kwamba yule nguruwe ana ugonjwa, nisingependa rafiki adhurike. Akanishukuru. Akasema basi atamwoka muda mrefu zaidi.

Mpango wa tatu nilikuwa bado naufikiria mchana, alipoingia Bibi Ulamila.

Huyu ni mjane wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Amevaa nyeusi tangu mumewe afariki. Aliketi, akapumzisha magoti, akaniambia amepotelewa na nguruwe tangu Jumapili, wakati wa ibada. Mweusi. Sikio la kushoto lina pengo.

Nikauliza, kama vile sijui, kama ni nguruwe wa thamani.

"Mjukuu wangu," akasema, "Jumamosi ni usiku wa mia tangu babu yako, mume wangu, afariki. Huyo ndiye wa karamu. Akishaliwa, ndipo wananivua hizi nguo nyeusi. Niandikie vizuri."

Nikaandika. Kwa mkono wangu mwenyewe niliandika taarifa ya wizi wangu mwenyewe, mstari kwa mstari, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu ilikataa mara mbili. Nikisema nguruwe hakuwa wangu, mwizi ni mimi. Nikisema alikuwa wangu, Sakiusa atamla kwa haki na bibi anabaki na nyeusi yake. Bibi akauliza kama polisi wameona chochote. Nikasema uchunguzi unaendelea. Akanishukuru, akaniachia gimbi la kuchemsha kwenye jani.

Niliona aibu sana. Gimbi nililila lote.

Nyumbani, mama mkwe alisema kupitia pazia kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sijui nani kamwambia.

Alhamisi, 8 Agosti

Sajenti Urmila amerudi. Ameleta chapati na kari ya bilinganya, lakini alifungua daftari kabla ya bakuli. Akauliza ni mnyama gani huyu mmoja, mweusi. Nikasema bado tunamtambua. Akauliza kama ana pembe. Nikasema hapana. Akaniambia nina mpaka jioni kumtambua.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Sakiusa. Nyuma ya nyumba yake shimo limechimbwa, mawe yamepangwa, kuni tayari. Nikamwona akilini Bibi Ulamila amekaa Jumamosi katika nyeusi yake, na watu wote wanajua ni kwa sababu ya nani. Hata tepe niliisahau, kwa dakika moja hivi.

Nikamwambia Sakiusa nguruwe si wangu. Akaweka mkono sikioni.

"Si wangu," nikasema tena. "Sijawahi kuwa na nguruwe. Mjomba hana nguruwe. Nimemwokota kwenye kipilefti. Ni wa Bibi Ulamila."

Mtu wa posta alikuwa langoni na bili ya umeme, naye akasikia yote. Sakiusa alicheka mpaka akaketi chini. Alipopata pumzi akanieleza. Lile sikio alilijua tangu Jumanne, maana baada ya ibada humsindikiza Bibi Ulamila mpaka nyumbani, na nguruwe humwona bandani. Ndiyo sababu aliuliza mara mbili, anipe nafasi ya kusema kweli. Nilipoikataa, akamchukua nguruwe. Jana mchana alimpeleka kwa bibi, akakuta mlango umefungwa, bibi kaenda polisi. Yaani wakati mimi naandika "sikio la kushoto lina pengo", yeye alikuwa anamfunga nguruwe bandani kwa bibi. Shimo ni la magimbi ya kesho.

Nikaketi juu ya mawe. Sifichi, machozi yalinilengalenga. Nilimpenda Sakiusa kwa moyo wangu wote, karibu mpaka njia panda.

Pale njia panda nikapata wazo. Nikaenda kituoni nikaandika: "Nguruwe amerudi kwa mwenyewe, kufuatia juhudi za Koplo Kitione." Sajenti Urmila akakata neno juhudi kwa wino mwekundu. Kisha akakata Kitione. Halafu akanifungia ofisini, akaniuliza yote, nami nikasema yote, kwa sababu mtu wa posta alikuwa ameshamweleza.

Hataniandikia mashtaka. Jumamosi nitachimba shimo la karamu ya bibi, nitachota maji, na kabla ya hayo nitampelekea yaqona na kuomba radhi nikiwa nimeketi chini. Akaniambia nisikie vizuri.

"Koplo, kitu cha kuokota si chako. Kisicho chako, mtani wako hana haki ya kukichukua. Utani ni wa mali ya mtu. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo, afande. Nilikuwa naitazama ile kari.

Ijumaa, 9 Agosti

Mrakibu amekuja. Mrefu, mpole, anakula kidogo. Nilipiga saluti ya nguvu mpaka kofia ikaanguka.

Magimbi ya Sakiusa yalikuwa mazuri, na samaki wa kopo alileta pia. Mimi nilileta shelisheli. Kisha Bibi Ulamila akaingia na fungu la yaqona kuwashukuru polisi. Akasimulia jinsi Koplo Sakiusa alivyomrudishia nguruwe hadi bandani na kumfungia kamba mpya. Akanisifu na mimi. Akasema nina mwandiko mzuri.

Saa tisa Mrakibu akasimama, akataja jina. Rokodua.

Nilipiga makofi. Yaliniuma viganja na mahali pengine. Sakiusa alikuja kunishika mkono, hakunitania hata kidogo, na hilo liliuma zaidi.

Makereta alienda kumsaidia mama yake kushona pazia, ambalo limechanika.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeomba radhi. Niliketi kwenye mkeka mbele ya bibi, yaqona mbele yangu, nikaanza maneno niliyoyakariri. Nikayasahau. Nikasema tu kwamba nilisema uongo na nilitaka kumtoa nguruwe wake zawadi ili nipate tepe, na samahani.

Bibi Ulamila akapokea yaqona. Akasema alihisi tangu Jumatano, maana hajawahi kuona polisi anayeandika neno nguruwe huku anatokwa jasho. Wakacheka wote mkekani. Nami nikacheka, na safari hii halikuwa jambo gumu.

Nimechimba. Nimechota maji ndoo kumi na saba. Jioni wakamvua nyeusi, wakamvisha gauni la maua mekundu, makubwa kama sahani, akasimama pale hajui afanye nini na mikono yake. Makereta alilia. Akaja akasimama karibu nami, akanifuta udongo shingoni.

Nguruwe alikuwa mtamu sana. Nasema tu.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya kutafakari. Mchungaji alihubiri juu ya tamaa, nadhani alikuwa anamwangalia mtu wa nyuma yangu.

Baada ya ibada nilipita nyuma ya nyumba mpya ya Sakiusa, kwa bahati tu, kupitia uani. Kwenye kamba ya nguo limeanikwa shati la sare. Jipya. Tepe tatu kila mkono, bado ngumu, zinang'aa kwenye jua.

Nikasimama nikafikiri kwa utulivu, kama mtu aliyekomaa. Nadawa na Waikubu ni watani. Kilicho chake ni changu. Shati si la kuokota, nimelikuta kwa mwenyewe, kwenye kamba yake. Hapo Sajenti Urmila mwenyewe hawezi kupinga, nimefuata maneno yake yote.

Nimelichukua. Nimeacha kikaratasi: "Asante, mtani. K.N."

Linabana kidogo tumboni, mengine sawa. Ndani ya kola limepigwa muhuri, MALI YA SERIKALI, kwa herufi ndogo sana, hakuna atakayeziona. Makereta aliniuliza kama nina hakika kwamba shati ni la Sakiusa. Nikamwambia ni lake kabisa, toka kola mpaka kifungo cha mwisho. Akanitazama tena kwa muda mrefu, akanipa pasi nipige mwenyewe.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Nitaingia kwa mlango wa mbele, Sajenti Urmila akiwa kaunta, ili mashahidi wawe wengi.