Kikokotoo Chini ya Kitambaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake nimeikaimu mimi. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Matunzo ya Watoto, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uzinduzi, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Uzinduzi, wadau, wadau wa wadau, mtoa huduma wetu wa maturubai na vipaza sauti uliyeketi hapa meza kuu, baba zangu, mama zangu, wazazi mnaoishi pamoja, wazazi mliotengana, na wazazi mlioketi mbalimbali hapa uwanjani kwa sababu mnazozijua wenyewe: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Sauti ya nyuma: "Anza basi, mzee, jua hilo!")

Naanza, ndugu yangu, na kwa kweli nilikwisha kuanza miaka minne iliyopita, pale ilipobainika kupitia upembuzi yakinifu kwamba mtoto anakula. (Kicheko.) Msicheke. Wataalamu saba walikaa hotelini siku kumi na mbili kulibaini jambo hilo, na taarifa yao ina kurasa mia mbili na kumi na nne, bila kuhesabu viambatisho.

Nyote mnakumbuka tulikotoka. Mama alikuja chumba namba sita, akaketi kwenye benchi lile linaloyumba, baba naye akaitwa, na afisa wetu, kwa kukosa mfumo jumuishi wa kidijitali, akamtazama baba miguuni. Mwenye viatu vya ngozi alipangiwa kutoa kingi, mwenye kandambili alipangiwa kidogo. Matokeo yake kila Jumanne korido yetu ilijaa wanaume wenye kandambili. (Kicheko kikubwa. Sauti ya mwanamke: "Walikuwa wakiazimana! Pea moja, wanaume tisa!")

Enzi hizo zimekwisha. Hapa mbele yenu, juu ya meza hii, chini ya kitambaa hiki cheupe kilichodariziwa maua matano na nusu, ile nusu ikiashiria kwamba mchakato unaendelea, kipo Kikokotoo cha Matunzo. (Makofi, vigelegele. Bibi mmoja mwenye sweta la kijani, mstari wa mbele: "Haiashirii kitu, mwanangu. Binti yangu hakuwahi kulimaliza ua hilo.")

Asante, mama. Kikokotoo kinafanya kazi hivi, na nitaeleza kwa lugha nyepesi ili hata wale ambao hawakubahatika kuhudhuria semina wanielewe. Tunachukua kipato cha baba, tunakijumlisha na kipato cha mama, kisha tunaangalia kila mmoja ameleta fungu gani. Katika mafungu manne, kama baba ameleta matatu na mama moja, basi chakula, daftari, dawa ya kikohozi, chochote cha mtoto, baba atabeba robo tatu na mama robo. Mwenye kingi anatoa kingi, mwenye kidogo anatoa kidogo, na asiye na kitu hatoi kitu. (Sauti: "Na anayeficha je?") Kikokotoo hakibishani na mtu, ndugu yangu. Mtu akiandika sifuri kwenye fomu, kikokotoo kinaiheshimu sifuri yake.

Na siyo maneno matupu, takwimu ninazo. Mpaka jana jioni, mashauri yaliyokamilishwa ni asilimia mia moja ya mashauri yote yaliyofanyiwa kazi. (Makofi. Sauti: "Mangapi?") Moja. (Kicheko.) Moja, lakini kwa ubora! Na kwa bahati njema mhusika tunaye hapa. Ni huyuhuyu mama wa sweta la kijani, anayemlea mjukuu wake wa kike. Mama, simama watu wakuone. (Bibi anasimama, bahasha ya kaki kifuani.) Baba wa mtoto alijaza fomu yake vizuri, kwa mwandiko mzuri: kipato, sifuri. Mama wa mtoto, fundi cherehani wa kiwanda cha sare, hakufika kujaza, ila hati yake ya mwisho ya mshahara ilikuwamo kwenye faili. Tukakokotoa. Baba sifuri, mama mia kwa mia! Barua ikaandikwa siku hiyohiyo kumtaka mama wa mtoto alete fungu lake lote ndani ya siku kumi na nne. Nani alipata kuiona kasi kama hiyo?

(Bibi: "Barua niliipokea mimi, mwanangu. Mwenyewe nilimzika mwaka juzi.")



Asante, mama. Huo ndio tunaouita mrejesho. Utaingizwa kwenye awamu ya pili. (Bibi: "Mtoto anaanza darasa la kwanza Jumatatu. Nilichofuata ni karatasi inayosema baba yake atoe kiasi gani, basi. Nimekuja mara kumi na moja.") Mara kumi na moja! Wananchi, mnaona jinsi huduma zetu zinavyopendwa? (Minong'ono. Sauti: "Acha mzaha, mkuu! Baba wa mtoto si huyo hapo pembeni yako, mwenye maturubai?")

Naomba utulivu. Idara yangu haiangalii sura, inaangalia fomu. (Mwenye maturubai anavua miwani ya jua, anaivaa tena.)

Sasa nifike kwenye shukrani, maana mcheza kwao hutuzwa. Namshukuru karani wa masjala, aliyekokotoa shauri hilo kwa penseli kwa niaba ya mashine. Namshukuru dereva wangu kwa kutoa boksi la televisheni yake, ambalo limetusaidia sana kuonyesha ukubwa ambao kikokotoo kitakuwa nao pindi andiko litakapoandikwa, bajeti itakapopatikana, na mtaalamu wa kuliandika atakaporejea kutoka masomoni. Namshukuru tena huyu mama, ambaye asubuhi alikuja na faili lake limefungwa katika kitambaa hiki, na kamati ya itifaki, ikiwa haina cha kufunikia, ikakiomba mara moja tu.

Na mwisho kabisa, kwa sababu idara yangu ni idara ya uwazi, namshukuru kijana wetu wa maturubai, aliyetuhudumia leo kwa bei ya upendo, milioni moja na laki nane, kwa siku moja. Na risiti hii hapa naiinua juu muione, ina muhuri wa kampuni yake na sahihi yake mwenyewe, kwa mwandiko uleule mzuri! (Kelele. Sauti: "Mwezi huu nimemwona kwenye harusi sita!" Nyingine: "Saba, na juzi kwa kina shangazi!" Karani wa masjala anatoa penseli nyuma ya sikio. Bibi anakwenda meza kuu, taratibu: "Risiti hiyo, mwanangu, naiomba." Mkurugenzi, akitabasamu kwa wapiga picha, anampa.)

Naam! Uwazi! Mwitikie basi: Kipato cha mzazi! (Umati: "Sifuri kwake!") Siyo hivyo, itikio letu ni: Tafuna chako, mtoto apate chake! (Umati: "Mia kwa mia! Mia kwa mia!" Mwenye maturubai anaanza kufungua kamba za turubai. Watu wa viti vya nyuma wanamkalisha. Karani ameandika namba mbili juu ya bahasha ya kaki ya bibi, kipato cha baba na fungu la mtoto, na kupiga mstari chini yake.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Viti virudishwe vikiwa vimepangwa kumi kumi. Na mama, tafadhali, usikiondoe kitambaa bado, wapiga picha hawajamaliza.

(Bibi amekwisha kukiondoa. Anakikunja mara nne, ua la nusu likiwa ndani pamoja na sindano yake, anafungia humo bahasha na risiti. Mezani limebaki boksi, mdomo wazi, na ndani yake ufagio.)