Mwenye Picha na Mwenye Ng'ombe

Boniventura Mahona hakuwa mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa na tabia hiyo, naye hakuwahi kuyakataza. Ndiyo maana mchana mmoja wa mwezi wa sita, akiwa kwa mama ntilie karibu na stendi ya Bariadi, mbele ya wali na samaki ambao hakujua bado atawalipia vipi, aliacha kutafuna ghafla.

Kwenye meza ya pili alikaa bwana mmoja mnene, Machibya, mwenye hoteli kule Lamadi kwenye njia ya watalii. Alikuwa akiongea na simu kwa sauti ya mtu asiyedaiwa na yeyote.

"Nataka picha ya viumbe wa porini au shambani! Ndege, wanyama, kitu cha kuweka ukutani na kwenye kalenda. Mwaka jana nilichukua moja mtandaoni, bure kabisa. Wiki ya tatu nikaletewa barua ya mwanasheria. Kumbe yule ndege alikuwa na mwenyewe! Safari hii natoa milioni nzima, lakini mwenye picha nimwone kwa macho yangu, asaini, yaishe."

Milioni nzima. Boniventura alimeza samaki na mwiba wake. Kamera hakuwa nayo. Hakuwahi kupiga picha ya ndege yeyote maishani isipokuwa kuku mmoja, na huyo naye alikuwa sahanini. Lakini mjini shule, na Boniventura alikuwa mwanafunzi wa siku nyingi wa shule hiyo. Asiye na picha, aliwaza, huwafungulia darasa wenye nazo.

Wiki moja baadaye, mlango wa chumba kilicho nyuma ya duka la pembejeo ulibandikwa tangazo: KOZI YA ZANA ZA MTANDAO NA HAKIMILIKI YA KIDIJITALI. WIKI TATU. CHETI KITATOLEWA. MWALIMU: DKT. B. MAHONA. Udaktari huo aliupata asubuhi ileile, kwa mtu wa stesheneri, kwa shilingi mia tano ya kuprinti.

Walijiandikisha watu kumi na mmoja, na haki isemwe, alifundisha vizuri. Kila asubuhi alilisoma kwenye simu somo la mchana wa siku hiyo. Aliwafundisha kutafuta picha kwa kutumia picha, kutunza mafaili mtandaoni, na kusoma taarifa zilizojificha ndani ya faili: siku, saa, hata aina ya kamera. Tapeli anayeijua kazi yake hamwagi uongo ovyo. Huutia kidogo tu kwenye ukweli, kama chumvi kwenye mboga.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Mama Ernestina, muuguzi mstaafu mwenye shamba Dutwa na kamera ya mtumba shingoni. Kwa miaka thelathini na minne aliwachoma watu sindano. Alipostaafu akaanza kupiga picha ndege, na alikuwa akisema ndege wana nidhamu kuliko wagonjwa.

"Mwalimu," aliuliza siku ya somo la nne, "mimi nimepiga picha. Sijaisajili popote. Ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Hakimiliki huzaliwa siku ileile picha inapozaliwa. Aliyebonyeza ndiye mwenyewe."

"Na mtu mwingine akidai ni yake?"

"Mwambie alete za kabla na za baada. Mwizi wa picha siku zote ana moja tu. Mwenye picha ana nyingi."

Mama Ernestina aliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili.

"Sasa basi," Boniventura akaendelea kwa upole wa mhubiri anayekaribia sadaka, "kila mmoja aniletee picha yake bora kwenye flashi. Nitawawekea muhuri wa kidijitali. Bure! Nyie ni kama ndugu zangu."

Picha ya Mama Ernestina ilionyesha kichwa cha maksai mweusi, pembe moja imeinama, na nyuma yake shamba la pamba jeupe hadi upeo wa macho. Juu ya ile pembe alisimama yangeyange kwa mguu mmoja, kama mlinzi aliyepangiwa zamu. Boniventura aliitazama kwa muda mrefu. Jina la ndege hakulijua, lakini bei yake aliijua.

Siku tatu baadaye mwalimu alikuwa Lamadi. Saini ikawekwa. Alipokea laki nne papo hapo, na laki sita angelipwa kwenye maonyesho ya Nane Nane, kalenda zikishatoka. Laki nne ziligeuka suti ya bluu yenye kung'aa. Kozi ilifungwa kwa sababu zisizozuilika, na vyeti vikabaki ahadi.

Siku ya maonyesho, Mama Ernestina alikuwa akipita viwanja vya Nyakabindi kutafuta mbegu za alizeti. Akainua macho. Yangeyange wake alikuwa juu ya banda la hoteli, mkubwa kama mlango wa ghala, na chini yake pameandikwa: Picha na Dkt. B. Mahona.

Miaka yote ile ya kuamka mapema na kulala kifudifudi kwenye umande, halafu jina la mtu mwingine! Akafungua mdomo apige kelele. Akaufunga. Hapa msomaji avumilie kidogo, kwa sababu mama huyu naye alikuwa na lake.

Maksai yule alimnunua mwezi wa tano mnadani Nkoma, kwa mafao yake yote. Siku ya tatu, kabla hata majirani hawajamzoea, maksai akakata kamba. Mama akamfuata na kumkuta katikati ya pamba ya Mzee Mboje, anakula kama amealikwa. Mkulima yeyote angepiga kelele. Lakini yangeyange alikuwa ametua kwenye pembe, jua liko upande mzuri, na Mama Ernestina akapiga magoti. Alipiga picha sabini na tatu. Alipokuja kushtuka, robo eka imekwenda na mbwa wa Mboje wanakuja. Akapotelea kwenye mtama kwa mwendo usiomfaa muuguzi mstaafu.

Maksai akakamatwa. Kikao cha kijiji kikaamua, na kumwandikia Mboje hati, kwamba mwenye ng'ombe ajitokeze, alipe fidia ya laki tano, achukue mali yake. Hakujitokeza mtu. Laki tano mama hakuwa nazo, na aibu ilikuwa kubwa kuliko laki tano. Yeye, mzee wa kanisa, aliyewahubiria wanawake wote wa Dutwa kuhusu uwajibikaji! Kila Jumapili aliapa atakiri, kila Jumatatu akaahirisha. Miezi mitatu ikapita, maksai anavuta mkokoteni wa Mboje.

Kwa hiyo kusema "picha ni yangu" kulikuwa sawa na kusema "nilisimama napiga picha huku pamba yako inaliwa." Akinyamaza, apoteze jina lake. Akisema, aivue nguo aibu yake mbele ya mkoa mzima, na ng'ombe asimpate bado. Alikaa kwenye kivuli cha turubai, akatoa daftari la kozi, akalisoma upya somo la nne. Kisha akatabasamu, akainuka, akaenda banda la wakulima wa pamba. Mzee Mboje alikuwapo, na maksai amefungwa kwenye mkokoteni.

"Mwadila, baba," akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Habari za Bariadi?"

"Nzuri. Baba, huyo ng'ombe uliyemfunga hapo, picha yake iko juu ya banda la hoteli. Na mpiga picha ameandika jina lake."

Mboje alikuwa pia katibu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na filimbi yake haikutoka mfukoni hata kanisani. Hakusubiri amaliziwe. Alipapasa koti kuhakikisha ile hati ya kijiji bado ipo, akaanza kutembea.

Kwenye banda la hoteli, bahasha ya laki sita ilikuwa safarini kutoka mkono wa Machibya kwenda mkono wa Boniventura.

"Nani kapiga picha hii?" Mboje akauliza.

"Mimi, mzee wangu. Daktari Mahona."

"Shamba hilo ni langu. Pamba hiyo ni yangu. Ng'ombe ni wa nani?"

Bahasha ikarudi ilikotoka. "Daktari," Machibya akasema, "mimi nilishaumwa na nyoka. Picha ni yako, ng'ombe ni wa mwingine? Kesho nitaletewa barua na ng'ombe?"

"Huyo ng'ombe kala pamba yangu," Mboje akasema, "na sasa miezi mitatu anakula majani yangu. Mwenyewe akija, atoe laki tano, aende naye. Hati hii hapa, muhuri wa mtendaji huu hapa."

Boniventura akakohoa. "Kitaaluma tu, mzee wangu. Maksai kama huyu anauzwaje?"

"Akinona hivi? Milioni na nusu," akajibu Mama Ernestina kutoka nyuma ya watu, kwa sauti ya mtu anayetaja dozi ya dawa.

Kichwani mwa Boniventura mashine ilianza kuzunguka. Akimkana ng'ombe, bahasha hairudi. Akimkubali, atoe laki tano tu, abaki na laki moja na ng'ombe wa milioni na nusu. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na suti mpya. Akatoa leso.

"Yuko hai?" sauti ikamtetemeka. "Jamani, yuko hai? Nimemlea tangu ndama! Siku ile nilimpiga picha, nikageuka kidogo kuchaji simu, akatoweka. Nimemtafuta mpaka Kiloleli!"

Machozi mawili yalimtoka, moja kila jicho. Machibya, mtu mwenye roho nyepesi chini ya kitambi kizito, akaachia bahasha. Laki tano zikaenda kwa Mboje. Boniventura akasaini hati, Mboje akasaini, na maandishi yalikuwa wazi: fidia imelipwa yote, mwenye ng'ombe aachiwe.

"Mwalimu," Mama Ernestina akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Swali dogo. Alama ya moto ya ng'ombe wako iko paja gani?"

Boniventura akaitazama picha ile kubwa. Iliishia mabegani.

"Kulia," akasema kwa uhakika wote wa daktari.

Maksai alikuwa hatua ishirini tu. Watu wakaenda, wakainama, wakaangalia. Alama ilikuwa paja la kushoto. Msukuma anaweza kusahau tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake, lakini alama ya ng'ombe wake, hapana.

Mama Ernestina akafungua mkoba na kutoa karatasi ya mnada wa Nkoma, yenye jina lake, rangi ya ng'ombe na alama yake. "Ng'ombe huyu ni wangu," akasema.

Mboje akatoa filimbi. Hakuipuliza, aliishika tu. "Kijana, mtu anayedai ng'ombe wa mwenzake, kwetu ana jina lake."

"Si wangu!" Boniventura akaruka. "Nilikuwa natania, wazee wangu!"

"Na picha?" Machibya akauliza.

"Picha nayo... si yangu sana."

Mama Ernestina akawasha kamera. Yangeyange akaonekana mbali angani, akakaribia, akatua, akainua mguu, akachoka, akaruka zake. Picha sabini na tatu, siku na saa kwenye kila moja. "Somo la nne," akasema.

Mboje alivaa miwani, akaziangalia zote. Ndege hakumjali. Aliangalia mistari ya pamba.

"Mayu," akasema polepole, "picha sabini na tatu. Na pamba yangu inapungua."

Uso ulimwaka moto mama wa watu. "Nilikosa, baba. Nilitakiwa kupiga kelele, nikapiga picha. Nilitakiwa kuja siku ileile, nikaona aibu. Nisamehe." Akaitazama ile hati mkononi mwa mzee. "Ila fidia si imeshalipwa?"

Mboje akaisoma hati kuanzia juu hadi kwenye muhuri. Mabega yakaanza kumtikisika, halafu tumbo, mwisho filimbi ikamdondoka. "Imelipwa!" akasema huku akifuta machozi. "Imelipwa, mayu!"

"Hizo pesa zangu!" Boniventura akalia.

"Zako za nini?" Machibya akamgeukia. "Mimi nimelipia picha. Picha ni ya mama. Mama amelipa fidia ya ng'ombe wake. Hiyo laki moja iliyobaki mpe. Na zile laki nne za kwanza?"

Wote wakaitazama suti.

"Suti abaki nayo," akasema Mama Ernestina. "Mimi nataka cheti changu."

Aliandikiwa nyuma ya kalenda: Amefaulu kwa kiwango cha juu sana. Mwalimu akapiga hatua kuelekea barabarani, na tangu hapo Bariadi haikumwona. Wanaotoka Mwanza wanasema yuko huko, anaendesha semina ya utambuzi wa mifugo.

Machibya alilifuta jina kwa kalamu nene na kuandika lingine: Picha na Ernestina Mayige. Mama alisimama chini ya jina lake mpaka watu wakaanza kumpisha. Furaha ilimjaa, na hakuificha.

Akamfungua maksai, wakashika njia ya Dutwa. Karibu na kijiji, maksai akaingiza kichwa kwenye matuta ya viazi ya mtu. Yangeyange akatoka asikokujua mtu, akatua juu ya pembe. Jua lilikuwa upande mzuri. Mama Ernestina akaivuta kamba kwa mkono wa kushoto na kuinua kamera kwa wa kulia.

"Ng'ombe wa nani huyo?" sauti kali ikatoka uani.

"Wangu!" akaitika kwa nguvu, na kubonyeza.